Taili za nyumba Kisumu: geuza mgongo kwanza kabla hujalipa

Wengi wetu tukiingia hadwea tunaangalia rangi na mng'ao, basi tunalipa. Jamani, geuza hiyo taili. Mwaga maji kidogo mgongoni, yakinyonywa mara moja hiyo ni seramiki, yakikaa tu juu ni poselini, imechomwa kwa moto wa kama digrii 1200 mpaka vitundu vya ndani vikazibika, hainyonyi zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake.

Namba moja kwangu, sebuleni na varanda, ni poselini ya sentimita 60 kwa 60 isiyong'aa. Ile ya kung'aa inapendeza sana lakini watoto wakitoka kwa mvua na miguu mbichi mtu ataumia. Sasa, kwa vile hainyonyi, simenti na mchanga haviishiki vizuri, lazima gundi ya taili, na hapo ndio tuliumia kwa mama kule Ahero. Fundi alisema gundi ni kuharibu pesa, miezi michache tu ukikanyaga zinalia kama debe tupu, tukang'oa varanda nzima na migongo ilikuwa safi kama zimetoka kwa katoni leo. Tena kule ni udongo mweusi, unavimba mvua ikija na kiangazi unapasuka, kama slabu haikufanywa vizuri hata taili ya bei gani itapasuka nayo.

Ya pili ni seramiki ya sakafu, 40 kwa 40. Bei iko chini, inashika simenti ya kawaida, na kwa chumba cha kulala inatosha kabisa.

Tatu, vigae vyekundu vya udongo wa kuchoma. Navipenda, joto la Kisumu likizidi mguu unapoa, lakini vinakunywa mafuta kwa hivyo jikoni hapana, na kwingine vipake sila, ile dawa ya kuziba vitundu.

Ya mwisho ni seramiki ya ukutani kuwekwa chini. Usikubali! Ni laini, iache ukutani bafuni.

Halafu soma katoni, namba ya shedi, yaani ya rangi ilivyokolea, iwe moja kwa zote. Katoni ya 60 kwa 60 kawaida ina vipande 4, yaani skweamita 1.44, kwa hivyo chumba cha mita 4 kwa 5, ukiongeza asilimia 10 ya kukatwa, ni katoni 16. Zikibaki weka, mwaka ujao shedi hiyo inaweza kuwa haipo tena.