Shoo za Arusha: usimame mbele au ukae nyuma kwenye viti?

Kila kukiwa na shoo pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid huu ubishi lazima uzuke. Kwa kuona, mbele hakuna mpinzani, unamwona msanii mpaka jasho linavyomtoka, ila ukinyanyua simu muda wote au ukambeba mtu mabegani unawaziba walioko nyuma yako na wao wamelipa kiingilio kama wewe, rekodi kipande kimoja halafu shusha mkono jamani!

Masikio nayo. Spika zikifika desibeli 100, wataalamu wa afya kazini kule Marekani wanashauri isizidi dakika 15 kwa siku, kwa hiyo mbele nenda na vya kuziba masikio. Nyuma mziki umetulia, na unaenda chooni bila kukanyaga watu. Tatizo la nyuma ni stori, wimbo wa taratibu unaimbwa watu wanapiga soga kwa sauti, hii inaniudhi kweli.

Bei, viti mara nyingi viko juu. Na mwezi wa 7 ukikaa tu baridi ya Arusha utaisikia, beba jaketi.

Unakuja kuruka na kuimba? Mbele. Umekuja na mama au mtoto, viti vinawafaa zaidi, na mtoto mzibe masikio hata huko.