Uzoefu wangu na F1000Research: makala kuhakikiwa mbele za watu

Ninatafiti kichocho cha tumbo kwa watoto wa shule za kandokando ya Ziwa Victoria. Makala yangu ya karibuni niliipeleka F1000Research, jukwaa la uchapishaji ambalo tangu 2020 liko chini ya kampuni ya uchapishaji ya Taylor & Francis. Wahadhiri wenzangu vijana wananiuliza kama ni mahali pa kuaminika. Ninasema ndiyo, na ningepeleka tena, ila mtu aujue utaratibu wake kabla ya kutuma.

Tulivyozoea, mswada unakwenda kwa mhariri, mhariri anatafuta wahakiki wawili au watatu, nao wanaandika bila majina. Wao wanakujua, wewe huwajui. Mabishano yote yanaishia kwenye barua pepe na msomaji anapata makala iliyokwisha kupigwa pasi. F1000Research wameugeuza mpangilio. Wanakagua kwanza mambo ya msingi, yaani kibali cha maadili, wizi wa maandishi, na kama data zipo. Makala ikipita hapo inachapishwa, na baada ya hapo ndipo wahakiki wanaalikwa. Kila mhakiki anaandika kwa jina lake kamili, ripoti inawekwa pamoja na makala, na anatoa moja ya hukumu tatu: imeidhinishwa, imeidhinishwa kwa masharti, au haijaidhinishwa. Ukipata "imeidhinishwa" mbili, au moja pamoja na mbili za masharti, makala inaingizwa kwenye kanzidata za kutafutia makala za kisayansi kama PubMed na Scopus.

Kilichonivutia zaidi ni mabishano yenyewe. Tulitumia vipimo viwili. Cha kwanza ni Kato-Katz, ambacho unahesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi kwa hadubini. Kioo kimoja cha hadubini hubeba miligramu 41.7 za kinyesi tu, kwa hiyo unazidisha mara 24 kupata idadi ya mayai kwa gramu, na mtoto mwenye minyoo wachache anaweza kupita bila yai hata moja kuonekana. Cha pili ni POC-CCA, kipimo cha mkojo ambacho mstari ukitokea ni dalili ya maambukizi, ila wakati mwingine hutoa mstari hafifu sana. Je, mstari huo uhesabiwe kuwa ni maambukizi?

Mhakiki wa kwanza alisema uhesabiwe, kwa sababu hadubini inawaacha wengi. Wa pili alikataa: mistari mingi ya aina hiyo si ugonjwa, na ukiihesabu unakuza tatizo. Jambo hili lina uzito, maana mwongozo wa WHO wa 2022 unataka jamii yenye maambukizi ya 10% au zaidi ipewe praziquantel, dawa ya kichocho, kila mwaka. Kijiji kinaweza kuvuka kiwango hicho au kubaki chini yake kwa sababu ya mstari huo peke yake. Katika toleo la pili tukaweka hesabu zote mbili na kueleza tofauti yake. Toleo la kwanza bado lipo, ripoti zipo, majibu yetu yapo. Wanafunzi wangu wa uzamili nawasomesha kwa ukurasa huo, na wanaona wataalamu wawili wakipingana kwa hoja bila kuvunjiana heshima. Sijui darasa lingine linaloonyesha hivyo.

Data lazima ziwe wazi. Za kwetu ziko Zenodo, hifadhi ya mtandaoni inayoendeshwa na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, baada ya kuondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtoto. Kazi hiyo ianze mapema, tena kwenye fomu ya ridhaa ya wazazi.

Sasa upande mgumu. Wewe mwandishi unaweza kupendekeza majina ya wahakiki, ila wasiwe watu uliowahi kushirikiana nao karibuni. Kwa fani ndogo hilo ni zito, na wengi hukataa kusaini. Jarida la tiba la BMJ la Uingereza lilifanya jaribio, likachapisha matokeo 1999: kutaja majina hakukubadilisha ubora wa ripoti kwa kiasi cha maana, lakini kuliongeza idadi ya waliokataa kuhakiki. Namwelewa mhadhiri msaidizi anayesita kumkosoa profesa hadharani. Kwa hiyo andaa majina mengi, ya watu waliochapisha juu ya kipimo chako hasa, si wakubwa wa fani peke yao.

Jambo jingine, makala inasomwa kabla haijahakikiwa. Wao huandika hali yake kwenye kichwa cha habari chenyewe, namba ya toleo na hatua ya uhakiki, nami naona huo ni uungwana kwa msomaji. Ukinukuu makala ya huko, nukuu na maneno hayo, usiyakate.

Ada ya kuchapisha ipo na si ndogo. Ulizia punguzo kabla ya kutuma. Na kama unasubiri kupandishwa cheo, iulize kamati ya chuo chako mapema inahesabu makala kuanzia lini, siku ilipowekwa mtandaoni au siku ilipoidhinishwa.