Ziara ya Fort Jesus: kuta kwanza, simulizi baadaye

Watembezaji wengi wa Fort Jesus, ngome ya Wareno mjini Mombasa, humweleza mgeni kwamba ngome hiyo, ikitazamwa kutoka angani, ina umbo la mtu aliyelala chali. Simulizi hilo linapendeza, ila halielezi kwa nini Giovanni Battista Cairati, msanifu Mtaliano aliyetumikia taji la Ureno, aliipanga hivyo. Kwa maoni yangu, aliyelipa kiingilio atafaidi zaidi akiomba kuanzia kwenye buruji (sehemu za ukuta zinazochomoza nje) za São Felipe na São Alberto, zinazotazama nchi kavu, kwa sababu pembe zake zilikatwa zikaelekeana ili mizinga ya buruji moja impige adui aliyejificha chini ya kuta za nyingine. Hapo atatambua kwamba mabega na miguu ya yule mtu ni hesabu ya mizinga tu.

Kuta hizo zilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa mawe ya matumbawe, mawe yaleyale ya nyumba za Mji wa Kale, na huenda ndiyo sababu sisi wenyeji hatuzishangai.

Sehemu ya historia inayostahili muda mrefu zaidi ni kuzingirwa kwa ngome na Waomani, kulikoanza Machi 1696 na kwisha Desemba 1698. Maradhi yaliwamaliza walinzi kiasi kwamba katika 1697, Wareno walipokuwa wamekwisha kufa, ngome ilishikiliwa na Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, pamoja na jamaa zake na Waafrika wachache, wake kwa waume, hadi meli za msaada zilipofika. Wanaodhani kwamba vita vile vilikuwa vya Wareno na Waarabu peke yao wamwulizie huyo Daud. Meli ya Wareno, Santo António de Tanna, ilizama mbele ya ngome mwaka huohuo, na vitu vilivyoopolewa humo kuanzia 1977 vinaonyeshwa katika makumbusho, visipitwe mbio.

Habari za gereza la Waingereza, lililodumu kuanzia 1895 hadi 1958, zinatosha kwa maelezo mafupi. Nyumba ya Waomani, iliyomo ndani ya ngome, iachwe mwisho, jua likiwa limepungua makali, kwani sehemu kubwa ya ua haina kivuli. Mwenye watoto abebe maji na awashike mikono wanapokuwa juu ya kuta.