Sanduku la maoni la chuma kwa migodi ya dhahabu: zuri, ila liongezewe kufuli

Sanduku hili linalochomelewa na mafundi wa Busia ni la bati zito, na uchomeleaji wake ni safi. Kasoro ni komeo: lina tundu la kufuli moja tu, na ufunguo huishia kwa meneja. Mchimbaji akijua hivyo, haandiki kwamba magogo ya kuzuia kuta za shimo yameoza. Mwambie fundi aongeze komeo la pili. Ufunguo mmoja akae nao meneja, wa pili mwakilishi wa wafanyakazi, na lifunguliwe kila Ijumaa mbele ya kamati ya usalama, ile ambayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya 2007 inaidai penye wafanyakazi 20 au zaidi.

Upenyo uko juu, kwa hiyo mvua hulowesha karatasi zote. Uhamishiwe mbele, na kipande cha bati kiukinge. Tafadhali, usilitundike mkabala na ofisi! Wasiojua kuandika wawekewe kadi za rangi: nyekundu ni kuta za shimo, njano ni hewa. Majibu yabandikwe ubaoni ndani ya siku 7, hata jibu likiwa ni hapana. Wasipojibiwa, wataacha kuandika.