Kiko changu cha mirishamu kimerudi kinanuka marashi juu ya ukungu

Kama una kiko cha mirishamu, yaani kiko cha tumbaku kilichochongwa kwa jiwe la jina hilo, ulichonunua kwa mtu, na kina ule uvundo wa kukaa kabatini miaka, usikipeleke kwa fundi anayekuahidi kukirudisha "kinanukia". Mimi nilipeleka, na hasira haijaniisha mpaka leo.

Kiko chenyewe nilikipenda tangu nilipokitia machoni. Kichwa cha mzee mwenye ndevu na kilemba, kazi safi ya mkono, bori, kile kikombe cha tumbaku, limeanza kugeuka rangi ya asali kwa chini, pale linapoungana na digali, ule mrija wa kuvutia, kama kawaida ya mirishamu iliyovutwa na mtu aliyejua kuvuta. Tatizo lilikuwa moja tu, harufu. Sisemi harufu ya tumbaku ya zamani, hiyo hainisumbui. Nasema ukungu, kama nguo iliyotiwa sandukuni kabla haijakauka. Hata bila kuweka tumbaku, ukivuta hewa tupu ulimi unaipata.

Kabla sijatuma kiko niliwauliza hao mabwana kwa maandishi: mtakilowesha? Mtatia chumvi na spiriti? Wakanijibu vizuri kabisa, kwamba mirishamu wanaijua. Swali langu lilikuwa na sababu. Ile dawa ya kujaza bori chumvi, ukamimina spiriti na kuacha usiku kucha, ni ya viko vya mti wa briari, na hata huko si wote wanaoiamini. Mirishamu ni jiwe, madini yaitwayo sepiolaiti, na limejaa vitundu vidogo mno kuonekana kwa macho. Likilowa linalainika. Mafundi wa Eskişehir, huko Uturuki kunakotoka jiwe lenye sifa kuliko yote, hulichonga likiwa na maji kwa sababu hiyohiyo, kisu kinapita bila ubishi. Sasa chukua kiko kilichokwisha kuchongwa, kikapakwa nta ya nyuki, kikakolea rangi kwa miaka, halafu ukiloweshe tena. Nta itatoka, rangi itavurugika, na pengine ufa utakaa hapohapo unakungoja.

Basi hawakukilowesha. Hilo nawapa. Walichofanya ni kibaya zaidi.

Nilipofungua kifurushi nilipigwa na harufu ya waridi. Waridi! Jiwe ambalo sifa yake yote ni kunywa kila kinacholigusa, unyevu, lami ya tumbaku, mafuta ya vidole, hawa wamelinyunyizia marashi. Nikaling'oa digali, nikanusa ndani ya bori: waridi juu, ukungu chini, vyote viwili vipo, hakuna kilichomtoa mwenzake. Na hiki si chombo cha kupamba meza. Nikiwasha moto mle ndani, yale marashi yanaungua, na moshi wake nauvuta mimi.

Nikapiga simu. Aliyepokea alinisikiliza kidogo, kisha akanikata kauli: "Bosi, kiko cha zamani lazima kinuke. Kama hutaki harufu, nunua kipya." Nikamwambia, ndugu yangu, mmelipwa kuondoa harufu, sasa mbona mmeongeza nyingine? Akasema wateja wengine wote wanafurahi, mimi ndiye mwenye pua ngumu kuridhika. Halafu simu ikakatika, na nilipopiga tena haikupokelewa. Makosa ya kazi naweza kuyasamehe, kila fundi hukosea. Lakini kuambiwa kwamba kasoro ni pua yangu, hapana.

Sasa niwe mkweli kuhusu kazi yao ya nje. Nta waliipaka vizuri. Imeenea sawasawa, ndevu za yule mzee hazikuziba hata unyoya mmoja, na jiwe linang'aa bila kuwa la mafuta. Nilipokiona mara ya kwanza, kabla pua haijaanza kazi, nilisema hawa wanajua. Ningeweza kuwapa nusu ya alama kwa hilo. Lakini kadiri ninavyofikiri ndivyo ninavyozifuta, kwa sababu nta hiyo waliipaka wakati harufu bado imo ndani. Umeziba mlango na mwizi yumo chumbani. Huwezi kupewa alama kwa uzuri wa kitasa.

Na kilichonitoa roho zaidi ni kasha. Viko vingi vya mirishamu huja na kasha lake, limechongwa kufuata umbo la kiko chenyewe, ndani mahameli. Walinirudishia kiko ndani ya kasha lilelile. Nikaenda nalo dirishani, nikainua ukingo wa mahameli karibu na bawaba, nikaona vidoadoa vya kijivu vinavyoelekea kijani, vimejipanga kufuata mstari wa gundi. Nikapitisha kitambaa cheupe, kikatoka na unga. Chanzo kilikuwa pale! Kiko kinalazwa usiku na mchana juu ya kitambaa chenye ukungu, kifuniko kimefungwa, hewa haipiti, na jiwe linakunywa. Mtu anayejiita fundi wa harufu hakuinua kitambaa kuangalia chini yake. Au aliinua, akanyunyizia waridi humo pia, maana humo pia mlinukia.

Kazi ikanibidi niifanye mwenyewe, na hapa ndipo hasira inapogeuka kitu kingine, kwa sababu haikuwa ngumu. Nilikitenga kiko na kasha kwanza, moja kwa moja. Kisha masizi ndani ya bori. Kwenye briari watu huyaacha yajenge ukuta, ila mirishamu haihitaji: ukuta huo hubeba harufu, na ukipata moto hutanuka kwa namna yake, jiwe kwa namna yake, na ufa ukaanzia hapo. Sikutumia kisu wala kikwanguzi cha meno. Nilizungushia msasa laini kwenye kijiti butu, bori limelala kiganjani, nikasugua taratibu mpaka jiwe likaanza kuonekana. Kwa tundu la digali nilitumia vile vijiti vya waya vyenye manyoya, nikivitia tone tu la spiriti, si kuvilowesha, na nikaangalia kisiguse uso wa nje wenye nta. Cha kwanza kilitoka cheusi tii, kinanata. Wale mabwana hawakupitisha hata kimoja humo ndani, naapa.

Baada ya hapo nilikiweka kikavu ndani ya boksi lenye mfuniko pamoja na mkaa ulioamilishwa, ule wa punje unaonyonya harufu, kwenye kifuko cha kitambaa ili vumbi lake lisiliguse jiwe. Kahawa, ambayo wengine huitumia kuondoa harufu, sikutaka, kwa sababu ingekuwa harufu ya tatu. Juani pia sikukianika, joto linalainisha nta na linaweza kukiumiza kipande cha mdomoni. Nikawa nabadilisha mkaa na kukitoa kipate hewa kivulini, nikingoja. Ukungu ndio uliotangulia kuondoka. Waridi ndiyo iliyonisumbua, wiki kadhaa, ikififia na kurudi kila ninapokishika kwa mkono wenye joto. Yaani kile nilichowalipa wakitoe kilitoka upesi kuliko kile walichokitia wenyewe.

Nimekivuta sasa. Tumbaku inaonjeka tumbaku, moshi umepoa, na yule mzee ameanza kupata rangi shingoni. Ni kiko kizuri kuliko vyote nilivyonavyo, na kwa furaha hiyo karibu niwasamehe.

Siwasamehe. Juzi nimeona tangazo lao tena, picha ya kiko kingine cha mirishamu kimelala kwenye mahameli, na maneno "harufu imeondolewa kabisa". Aliyekinunua akisoma hapa, bwana au bibi, inua kile kitambaa karibu na bawaba uangalie leo hii, na kiko kilale nje ya kasha. Kwao nyota moja, na hiyo ni kwa sababu sifuri hairuhusiwi.