Miezi saba na mashine kuukuu ya kusaga bapa: uzoefu wangu

Nimekaa na mashine hii miezi saba, na miwili ya mwanzo haikusaga kitu zaidi ya subira yangu. Ni mashine ya kusaga bapa, yaani ya kusaga uso wa chuma uwe tambarare, ya mkono, haina haidroli: jiwe la mm 200 linazunguka juu, kazi (kipande kinachosagwa) inapita chini yake juu ya meza inayotembea, ikiwa imeshikwa na sumaku ya mm 150 kwa 450. Kiwanda sikitaji kwa sababu matatizo yangu yalitokana na uzee na utunzaji mbovu, na mawili matatu nilijitakia mwenyewe.

Muuzaji alikuwa ameipiga rangi mpya. Usiangalie rangi. Hata kutu ya juujuu isikutishe sana. Mimi nilianza na spindeli, mhimili unaobeba jiwe: niliizungusha kwa mkono taratibu, nikasikiliza, kisha nikaegesha geji ya saa, kipimo chenye sindano, kwenye ncha yake. Sindano haikucheza hata mikroni 3 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Beringi za spindeli hizi huwekwa kwa jozi na kubanwa kwa kipimo maalumu, na kuzibadilisha si kazi ya nyundo na bomba. Ingekuwa inanguruma, ningeaga na kuondoka.

Kuihamisha kuna mtego mmoja. Meza haijafungwa popote, imekalia reli kwa uzito wake tu, kwa hiyo ivuliwe kabla mashine haijainuliwa. Vua na jiwe, kisha teremsha kichwa, sehemu inayobeba spindeli, kikalie gogo.

Nilipoivua meza niliona reli zote mbili, moja ya umbo la V na nyingine bapa. Alama za kukwangua kwa mkono zilikuwa bado zinaonekana kwenye ncha, katikati zimefifia, maana kazi nyingi hufanyika katikati. Nilisafisha kwa mafuta ya taa na kitambaa, nikapitisha jiwe laini la kunolea ili kuondoa vinundu tu. Msasa nisingeuthubutu, kwani punje zake hunasa kwenye chuma cha reli na kuendelea kukila kila meza inapotembea.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa. Mashine ina pampu ndogo ya oili yenye mpini. Nilivuta mpini, kiwango kwenye tangi kikashuka, nikaamini oili inafika kwenye reli. Nikarudisha meza, nikailaza mashine sawa kwa pima maji ya kiwandani (ile ya mafundi ujenzi haioni tofauti ndogo namna hii), halafu kwa pupa nikausaga uso wa sumaku ili ulingane na mwendo wa meza. Utaratibu wenyewe niliufuata: jiwe la alumina nyeupe, punje 46, daraja laini, sumaku ikiwa imewashwa, kwa kuwa ikishika mwili wake hujipinda kidogo, kila mpito mikroni chache tu, na kipoozeo, maji ya kupoozea, kikimwagika muda wote. Kisha nikaweka vipande vinne vya chuma kwenye pembe nne, nikavisaga kwa pamoja, nikavipima. Tofauti ilikuwa mikroni 3. Nililala nikitabasamu.

Wiki iliyofuata niliona dimbwi la oili chini ya mashine. Mrija mmoja ulikuwa umekatika ndani ya mwili, na kati ya matundu sita ya kutolea oili, mawili tu yalikuwa hai, yote ya reli ya V. Ile bapa ilikuwa kavu kabisa. Nilibadilisha mirija yote pamoja na vile vizibo vidogo vinavyogawa oili. Usijisumbue kuvizibua, vikishaziba huwa havirudi kuwa sawa. Nikajaza oili ya reli, ISO VG 68 (namba ya uzito wa oili). Nikarudia kipimo cha vipande vinne: mikroni 12. Uso wa sumaku ulikuwa uleule, ila meza sasa ilielea juu ya utando wa oili pande zote mbili na haikutembea tena kama nilivyoisagia. Nikausaga upya, na unene wa sumaku niliopoteza bure haurudi.

Umeme haukunisumbua. Mota ni ya fezi tatu, inveta ndogo, kifaa kinachotoa fezi tatu kutoka umeme wa kawaida, ikamaliza kazi. Hakikisha tu mzunguko unafuata mshale kabla ya kufunga jiwe, kwa sababu ukigeuka, nati inaweza kujifungua.

Kuhusu jiwe lenyewe, kila jipya nalining'iniza kidoleni na kuligonga kwa mpini wa bisibisi wa mbao. Likilia kama kengele, linafungwa pamoja na karatasi zake za pembeni. Likitoa mlio mfu lina ufa, linatupwa. Halafu nasimama pembeni dakika nzima likizunguka. Jiwe la mm 200 kwa mizunguko 2,850 kwa dakika lina mwendo wa karibu mita 30 kwa sekunde pale ukingoni, na sina haja ya kujua linavyouma.

Kuna kipindi kazi zilianza kutoka na mistari ya kukatiza, kama mm 3 kutoka mmoja hadi mwingine. Nililaumu beringi, nikalaumu mkanda. Baadaye nikapiga hesabu: meza nilikuwa naisukuma kama mm 150 kwa sekunde, jiwe linazunguka mara 47 na ushei katika sekunde hiyohiyo. Yaani meza inasogea kama mm 3 kwa kila mzunguko: mstari mmoja kwa kila mzunguko, basi tatizo ni jiwe. Nilikuwa nazima mota huku kipoozeo kikiendelea kulimwagikia. Maji yalizama upande wa chini, likawa na uzito upande mmoja. Siku hizi nafunga maji kwanza, naliacha lizunguke mpaka likauke.

Kinachonikera hadi leo ni gurudumu la kushusha kichwa. Skrubu imechoka, ina ulegevu wa kama robo mzunguko, kwa hiyo nikipitiliza kipimo lazima nipandishe juu sana ndipo nishuke tena. Nati yake mpya naichonga mwenyewe, ipo nusu kwenye mashine ya kukereza.