Matairi ya gari la haibridi Mombasa: yapi ununue, yapi uyapite

Mwenye Aqua, Fit ya haibridi au Note e-Power hapa Mombasa alilichagua gari lake kwa sababu moja kubwa: petroli. Matairi yakiisha, anaingia dukani na kuuliza "bei gani?" tu, anafungiwa manne ya bei nafuu, na kuanzia siku hiyo kila akijaza tangi analipia tofauti bila kujua. Msimamo wangu nauweka mbele kabisa. Kwa gari la haibridi, yaani la petroli na umeme pamoja, katika joto letu, tazama kwanza tarehe ya kutengenezwa, kisha wepesi wa kubingirika na mshiko kwenye maji. Bei iwe ya mwisho, na iwe bei ya kila kilomita.

Tairi linakulaje mafuta? Kila linapogusa lami linabonyea, linarudi, na katika kubonyea huko mpira unapata joto. Joto hilo ni petroli yako. Kwa gari dogo la kawaida, karibu sehemu moja ya tano ya mafuta huenda kwenye kuyabingirisha matairi tu. Michelin ndio walioanza, mwaka 1992, kuuza tairi la gari dogo lililochanganywa silika (unga laini wa madini) kwenye mpira wake ili kupunguza upotevu huo, na tangu hapo kampuni kubwa zote zimefuata njia hiyo. Kwenye haibridi jambo hili lina uzito zaidi. Ukiondoa mguu kwenye mafuta, gari linaserereka huku likirudisha umeme kwenye betri. Tairi zito linaimeza nguvu hiyo kabla haijafika. Tena mota ya umeme inavuta kwa nguvu tangu gari linapoanza kusogea, na mengi ya magari haya yanavuta na kurudisha umeme kupitia magurudumu ya mbele. Ndiyo maana matairi ya mbele yanaisha upesi.

Tupige hesabu. Chukua gari linalotembea kilomita 20,000 kwa mwaka na kwenda kilomita 20 kwa lita: hizo ni lita 1,000. Tuseme petroli ni shilingi 180, kwa ajili ya hesabu tu. Tume ya Ulaya ilikadiria kwamba kati ya tairi la daraja la juu kabisa na la chini kabisa kwenye lebo yao ya zamani, tofauti ya mafuta inaweza kufika asilimia 7.5. Sisi tuchukue asilimia 4. Unaokoa lita 40, yaani shilingi 7,200 kwa mwaka. Tairi likidumu kilomita 50,000, ni shilingi 18,000 kwa seti nzima, sawa na 4,500 kwa kila tairi. Kwa hiyo tairi jepesi likizidi la bei rahisi kwa shilingi 3,000, hilo la "ghali" ndilo rahisi. Dereva wa teksi anayezunguka Nyali, Bamburi na Mtwapa kutwa nzima, hesabu yake inaweza kuwa maradufu.

Saizi: fungua mlango wa dereva

Kuna kibandiko kwenye nguzo ya mlango. Aqua nyingi ni 175/65R15, zile za daraja la chini ni 165/70R14. Prius ya umbo la 2009 ni 195/65R15 au 215/45R17. Fit ya haibridi mara nyingi ni 185/60R15, Note e-Power ni 185/70R14 au 185/65R15, na Vezel mara nyingi ni 215/60R16 au 215/55R17. Fuata kibandiko. Rimu pana na tairi nene vinapendeza machoni, lakini vinaongeza uzito na mkinzo wa upepo, na gari la kilomita 22 kwa lita linaweza kurudi kuwa la 19.

Baada ya saizi utaona namba na herufi, mfano 84H. Namba ni mzigo: 84 ni kilo 500 kwa kila tairi, 88 ni 560, 91 ni 615. Usishuke chini ya ile ya kiwandani, kwa sababu betri na mota ni mzigo ambao gari la kawaida la ukubwa huo halina. Herufi ni mwendo wa juu kabisa: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210. Yoyote kati ya hizo inatosha kwa barabara zetu.

Soma ubavu wa tairi

Tafuta neno DOT, fuata mstari hadi kwenye tarakimu nne za mwisho zilizozungushiwa duara refu. 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mara nyingine zimechapwa upande mmoja tu, na upande huo ukawa ndani, kwa hiyo muombe fundi azisome kabla hajalifunga. Mpira unazeeka hata ukikaa dukani, na jua la Mombasa halina huruma: tairi lililoanikwa nje ya duka kama tangazo tangu kaskazi iliyopita usilichukue, hata likipunguzwa bei. Mimi sinunui tairi "jipya" lililozidi miaka miwili. Michelin wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya kutumika, na lisivuke kumi kwa vyovyote. Kwa gari linalolala juani Changamwe au Likoni, mitano ndiyo ningeihesabu kuwa mwisho, hata kama meno bado yapo. Chungulia nyufa ndogo ndogo kwenye ubavu na katikati ya meno.

Lebo nazo zinasema mengi. Ya Ulaya, tangu Mei 2021, ina herufi A hadi E kwa mafuta na kwa mshiko kwenye maji, na A hadi C kwa kelele. Ya Japani, iliyoanza 2010, ina AAA hadi C kwa wepesi wa kubingirika na a hadi d kwa maji. Usishangilie AAA halafu ukaipuuza ile herufi ndogo ya pembeni. Mvua ya kwanza ya masika ikinyesha juu ya mafuta ya malori yaliyoganda barabarani pale Changamwe, herufi hiyo ndiyo itakayokusimamisha. Ukikuta neno TREADWEAR lenye namba, namba kubwa ni tairi linalodumu zaidi, ila kampuni hujipimia yenyewe, kwa hiyo linganisha matairi ya kampuni moja. TEMPERATURE, yaani kustahimili joto, iwe A.

Mpangilio wangu

*Nafasi ya kwanza: Michelin Energy XM2+.* Limetengenezwa kwa nchi za joto na barabara mbovu, na ndilo linalounganisha vizuri vitu viwili visivyopatana kirahisi, yaani kudumu na kubingirika kwa wepesi. Ubavu wake unastahimili mashimo na matuta. Bei yake inauma siku ya kwanza. Ukitembea kilomita nyingi, lipia.

*Nafasi ya pili: Bridgestone Ecopia EP150.* Familia ya Ecopia hutoka kiwandani na magari mengi ya Japani, na kwa mafuta peke yake ningeliweka bega kwa bega na la kwanza. Nimelishusha kwa sababu meno yake hayadumu sana likiwa mbele kwenye gari la teksi. Kwa mwenye kwenda kazini na kurudi, na safari ya Malindi mara moja moja, halina neno.

*Nafasi ya tatu: Yokohama BluEarth-Es ES32, na karibu yake Dunlop Enasave EC300+.* Ni ya bei ya kati na hayana kelele. Hilo la kelele si dogo: gari likienda kwa umeme mtupu, sauti unayobaki kuisikia ni ya tairi. Kati ya haya mawili chukua lenye tarehe mpya zaidi. Kusema kweli, tarehe inaweza kubadili hata nafasi ya pili na ya tatu: BluEarth la miezi minne linalishinda Ecopia lililokaa stoo miaka mitatu.

*Nafasi ya nne: GT Radial Champiro Eco la Indonesia na Apollo Amazer 4G Life la India.* Hapa ndipo pa mwenye bajeti ndogo. Apollo ni gumu na linadumu, lakini kwenye maji liendeshe kwa adabu. Champiro Eco ni laini kidogo na jepesi zaidi. Ukiwa na shilingi za kutosha kwa Michelin mawili tu, nunua manne ya daraja hili badala ya kuchanganya mawili ya aina moja na mawili ya aina nyingine.

*Nafasi ya tano: matairi ya Kichina ya kampuni kubwa*, kama Linglong, Sailun na Triangle. Wapo wanaoyadharau yote kwa pamoja, na hapo sikubaliani nao. Kampuni hizi zina matairi yenye lebo ya Ulaya yanayopata herufi nzuri, na mengine ya hovyo. Omba lebo ya mfano huo huo unaouziwa. Isipokuwepo, na jina la kampuni hulijui, pita.

*Mwisho kabisa: mitumba.* Na hapa nitakaa kidogo.

"Chukua hizi, kaka, ni Japani orijino"

Sisi ndio tunaoyapokea magari haya yakishuka bandarini, kwa hiyo matairi yaliyotumika yamejaa mjini. Muuzaji anakwambia, "Tazama meno haya, shekhe, bado mapya." Meno ni mapya kweli, ila tarehe inasema miaka saba. Sheria inaruhusu kuingiza nchini gari lisilozidi miaka minane, na hakuna anayemlazimisha mwenye gari kule Japani kubadili matairi kabla ya kuliuza.

Lililo baya zaidi ni tairi la theluji. Magari yanayotoka mikoa ya baridi ya Japani mara nyingine huja nayo, na mtu akiyaona anayafurahia kwa sababu meno yake ni marefu na yamejaa. Pitisha kidole juu yake: mpira ni laini kupita kiasi, na kila kipande cha jino kina mikato myembamba ya mawimbi, mingi mno, kama mtu aliyekata kwa wembe. Ubavuni tafuta neno STUDLESS, au alama ya mlima wenye kipande cha theluji, au majina Blizzak, iceGUARD na Winter Maxx. Mpira huo umechanganywa ubaki laini kwenye barafu. Kwenye lami ya Mombasa saa nane mchana unalegea, unaisha haraka, unakunywa mafuta, na ukikanyaga breki kwenye maji gari linachelewa kusimama. Kama gari lako limeshuka melini hivi karibuni, nenda ukayatazame leo.

Ukishafunga

Usishtuke kioo cha dashibodi kikionyesha kilomita chache kwa lita kuliko mwezi uliopita. Meno marefu ya tairi jipya yanabonyea zaidi kuliko ya tairi lililoisha, kwa hiyo hata tairi zuri huanza likiwa zito kidogo, kisha linakuwa jepesi kadiri linavyotumika. Linganisha jipya na jipya. Wengi hulilaumu tairi zuri kwa sababu hiyo na kurudi kwenye la bei rahisi.

Upepo ndio unaoamua kama hela yako imeenda mahali pake. Kibandiko cha mlangoni cha gari la Japani kimeandikwa kPa, na kijana wa kujaza upepo anasoma psi, vipimo viwili vya upepo ule ule: 220 ni 32, 230 ni 33, 240 ni 35, 250 ni 36. Andika namba yako kwenye simu. Pima asubuhi kabla hujaendesha, kwa sababu tairi lililotoka kwenye foleni ya feri saa saba mchana litadanganya kipimo. Naitrojeni si lazima. Hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78.

Fanya alaimenti (kunyoosha magurudumu) siku hiyo hiyo, kisha kila kilomita 10,000 peleka ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Meno yakifika usawa wa vile vinundu vilivyo ndani ya mifereji, yamebaki milimita 1.6, na hapo tairi limekwisha. Mimi singengoja vifike kama masika yanakaribia.

Fungua buti pia. Aqua nyingi na Fit za haibridi hazina tairi la akiba, zina pampu ndogo na chupa ya gundi tu, na gundi hiyo ina tarehe ya kuisha ambayo kwenye gari la mtumba mara nyingi imeshapita. Haisaidii lolote ubavu ukichanika. Ukipanga kwenda Nairobi, karibu kilomita 480, tafuta tairi la akiba la rimu yenye matundu sawa na yako. Nati za gurudumu la Toyota zinakazwa kwa nguvu ya 103 Nm, na za Honda 108. Mwambie fundi amalizie kwa spana ya mkono yenye kipimo, si kwa bunduki ya upepo peke yake, na urudi azikaze tena baada ya kilomita 100 hivi.